“Huyu si mende, huyu ni fukusi”: Mdudu mwekundu wa mitende na namna ya kumtambua

Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa shambani kwa wakwe zangu, bonde la Samail, mwendo wa kama saa moja kutoka Maskati. Watoto wanacheza kwenye falaji, sisi wakubwa tumekaa kivulini tunasubiri chakula. Upepo haukuwepo wa kusema. Mara tukasikia mlio kama wa mlango mkongwe unaofunguliwa, halafu kishindo. Mtende wa khalas uliokuwa karibu na ukuta, mti ambao mke wangu anaukumbuka tangu ulipopandwa, ulikuwa umelala chini. Alhamdulillahi hapakuwa na mtoto upande ule.

Tulipousogelea tuliona shina limekatika kimo cha kiuno, na ndani hamkuwa na mti tena. Mlikuwa na kitu kama machicha ya nazi yaliyochacha: kahawia, mabichi, yananuka uchungu wa siki. Ndani ya machicha yale walikuwa wanajinyonganyonga mabuu meupe, manono, ukubwa wa kidole gumba. Na juu ya gome alikuwa anatembea mdudu mmoja mwekundu kama kutu, polepole, hana wasiwasi na mtu.

Mwanangu wa miaka tisa akamfunika kwa kikombe. “Baba, ni mende mwekundu?”

Mjomba akajibu kwa Kiarabu, “Susa,” na uso wake ukabadilika. Lakini bibi yake mke wangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, akataka aletewe miwani. Akamgeuza yule mdudu kwa kijiti, akamtazama mgongo, akamtazama uso. “Huyu si mende, mwanangu,” akasema. “Huyu ni fukusi. Huoni mdomo wake? Ndiye yule yule wa mchele, ila huyu ameshiba.”

Bibi hajasoma elimu ya wadudu. Alichofanya ni kutazama kiungo kimoja cha mwili, akamrudisha mdudu kwenye ukoo wake. Na yuko sahihi kabisa. Susa nyekundu ya mtende na fukusi wanaotoka kwenye gunia la mchele wa biriani ni wa ukoo mmoja mkubwa.

Nayasimulia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtende ule ulikuwa umeanza kunyauka muda mrefu, makuti yanageuka manjano, na sisi tukasema ni maji, halafu tukasema ni dubasi. Tukamwita fundi akapiga dawa kwenye majani, mara mbili, tukamlipa. Dawa na pesa vyote vilikwenda hewani, kwa sababu mdudu hakuwa kwenye majani. Ya pili, siku ile ile, nyuma ya stoo, mjomba alikuwa na machipukizi matano aliyoyang’oa kwenye shamba lile lile, yamefungwa kwa magunia, yanasubiri kontena la kwenda Zanzibar. Zawadi kwa ndugu. Nitarudi kwenye machipukizi hayo.

Mende, dundu na mbawakawa

Kwa Kiswahili cha nyumbani kila kinachotambaa ni mdudu, na kila mdudu mwenye mgongo unaong’aa ni mende. Lakini mende na mdudu wetu wa mtende ni watu mbali. Kundi la huyu wa mtende huitwa mbawakawa. Wengine husema dundu. Mwenyewe kila nikilisikia neno mbawakawa huona kawa, lile la ukili tunalofunikia sahani ya chakula, maana ndivyo alivyo: mabawa mawili ya mbele yamekuwa magumu na yanafunika mabawa mawili ya nyuma, laini, yaliyokunjwa chini yake. Wanasayansi huwaita Koleoptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa yaliyo ndani ya ala. Kwa sisi wa Oman mfano uko kiunoni: hanjari ndani ya ala yake.

Ukitaka kumjua mbawakawa kwa haraka, mtazame mgongo. Mabawa yake magumu hukutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka, kama milango miwili ya kabati iliyofungwa. Mende ni tofauti, bawa moja hulalia juu ya jingine, na yote yana ulaini kama ngozi. Akiruka, mbawakawa huinua ile milango miwili pembeni, hukunjua mabawa laini ya nyuma, na hayo ndiyo yanayompeleka. Ndiyo maana kuruka kwake kuna kelele na anaweza kugonga taa ya baraza. Ila asikudanganye, huyu wa mtende huruka masafa marefu tu.

Mengine ni ya wadudu wote. Mwili una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Miguu ni sita, na yote hutoka kifuani, si tumboni. Hesabu hii watoto huipenda kwa sababu inawatoa buibui na nge nje ya mlango: hao wana miguu minane, si wadudu kwa maana ya sayansi, hata kama sote tunawapiga kwa ndara ile ile. Mifupa hakuna ndani, mfupa ni lile gamba la nje. Wala hawapumui kwa mdomo. Ubavuni mwa mwili kuna vitundu vidogo vidogo vya kupitishia hewa, inayokwenda moja kwa moja ndani kwa mirija. Kichwani kuna macho mawili ambayo kila moja limeundwa na vijicho vingi, kuna vipapasio viwili vya kunusia na kugusia, na kuna mdomo.

Mdomo ndio wa kuutazama sana. Mbawakawa wote wana taya za kutafuna, zinazokwenda kulia na kushoto kama mkasi, hazipandi na kushuka kama zetu. Kwa fukusi, kichwa kimevutwa mbele kikawa kama mkonga mwembamba, na zile taya zimekaa kwenye ncha kabisa. Vipapasio navyo havikutoka kwenye paji la uso, vimeota kwenye huo mkonga, vimepinda kama kiwiko na mwishoni vina kirungu. Bibi aliona mkonga ule tu akatosheka. Wenye shahada nao huanzia hapo hapo.

Sasa ngazi za majina. Watoto wetu wanaosoma shule za hapa huzijua kwa Kiingereza au Kiarabu, lakini Kiswahili kinazo. Huanzia himaya ya wanyama, inafuata faila ya wenye miguu ya viungo, halafu ngeli ya wadudu (ndiyo, neno lile lile la ngeli za nomino), oda ya mbawakawa, familia ya fukusi, jenasi, na mwisho spishi. Mdudu wa mjomba ni Rhynchophorus ferrugineus. Neno la kwanza lina maana ya mbeba pua, la pili ni rangi ya kutu. Aliyempa jina la spishi ni Mfaransa Guillaume-Antoine Olivier, mwaka 1790, karibu miaka mia mbili kabla mdudu huyo hajaanza kuangusha mitende ya Ghuba.

Oda ya mbawakawa ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni kama 400,000, yaani ukichukua wanyama wote wanaojulikana, wakiwemo samaki, ndege na sisi wenyewe, kila mmoja katika wanne ni mbawakawa. Kimulimuli anayewaka usiku kule kwetu baada ya mvua ni mbawakawa. Dundu anayeviringisha mavi ya ng’ombe ni mbawakawa. Mdudu kibibi mwenye madoadoa, anayekula vidukari kwenye mboga, ni mbawakawa, na ukimuua umejiibia mwenyewe. Basi kusema “nimeona mbawakawa shambani” hakumsaidii mtu. Lazima ujue ni nani.

Susa anavyoishi

Mdudu mzima ana urefu wa kama sentimita tatu na nusu. Rangi ni nyekundu ya kutu, mara nyingi na madoa meusi juu ya kifua, lakini rangi usiifuate sana, wapo wa machungwa na wapo wa giza karibu na weusi. Fuata umbo: mkonga, mgongo wenye mistari ya urefu, na ncha ya tumbo inayochungulia nyuma ya mabawa. Dume ana nywele fupi nene juu ya mkonga, kama masharubu yaliyopanda puani. Jike hana, mkonga wake ni laini, mwembamba na mrefu kidogo.

Kazi ya ule mkonga si kula tu. Jike hutoboa nao tundu kwenye sehemu laini ya mtende, au hutafuta jeraha lililokwisha kuwapo: pale ulipokata kuti, pale ulipong’oa chipukizi, pale panya alipotafuna. Humo hutaga yai moja moja. Katika maisha yake ya miezi miwili au mitatu hutaga mayai mia mbili, mia tatu. Siku chache baadaye yai hutoa buu, na buu ndiye msiba. Hana miguu hata mmoja. Ana kichwa kigumu cha kahawia chenye taya, na mwili mweupe mnono unaokwenda kwa kujivuta. Hutafuna njia kuelekea ndani ya shina kwa mwezi mmoja hadi mitatu hivi, mpaka anafika urefu wa sentimita tano. Kisha hujisokotea kifukofuko cha nyuzi za mtende, ukikiona utadhani ni kipande cha kamba ya makumbi, humo huwa pupa kwa wiki mbili tatu, halafu hutoka mdudu mzima mwenye mkonga na mabawa. Mara nyingine hatoki nje hata kidogo, hupandana na kutaga ndani ya mtende ule ule mpaka umekwisha.

Wadudu wanaopita yai, buu, pupa na mdudu mzima huitwa wenye mageuko kamili. Mtoto hafanani na mzazi hata kidogo. Kwa mwenye shamba maana yake ni kwamba unaweza kumkanyaga mzazi leo na watoto wake mia wakaendelea kutafuna bila wewe kuwajua.

Hapo ndipo tulipokosea na dubasi. Dubasi si mbawakawa. Ni kijidudu cha nusu sentimita, kijani-manjano, kinaruka kwa kudunda, na mdomo wake ni sindano ya kunyonya utomvu wa majani. Hana pupa, watoto wake ni wadogo wanaofanana naye. Anachokula kikizidi hukidondosha kama asali nyembamba, majani yananata, gari uliloegesha chini linanata, halafu ukungu mweusi unaota juu yake. Kwa kuwa dubasi anakaa juu ya majani, dawa ya kupuliza humpata, ndiyo maana serikali hapa humpulizia kwa ndege. Buu wa susa yuko ndani ya shina. Umpulizie majani mwaka mzima, yeye hana habari.

Kwa hiyo ukiona makuti yananata na kung’aa, fikiria dubasi. Ukiona shina linatoa maji mazito ya kahawia yanayonuka uchachu, ukaona machicha yanatoka kwenye tundu, au vifukofuko vya nyuzi kwenye shina la kuti, huyo ni susa. Machipukizi ya pembeni kukauka bila sababu ni dalili pia. Wazee wa hapa huweka sikio kwenye shina alfajiri kukiwa kimya, maana mabuu yakiwa mengi husikika yanatafuna. Usiwacheke. Wahandisi wametengeneza vipaza sauti vya kazi hiyo hiyo, na watafiti wa chuo cha KAUST Saudi Arabia wamejaribu kuzungushia mitende nyaya za fiber zinazonasa mtetemo wa buu.

Makuti ya manjano juu kabisa, na kilele kinachoinama, ni habari iliyochelewa. Mtende wetu ulikuwa umefika huko.

Na chonga je?

Wasomaji wetu wa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa watasema, “Sisi tuna chonga.” Ni kweli, na chonga naye ni mbawakawa, mwenye mabawa yale yale ya milango miwili. Lakini ukoo wake mwingine. Hana mkonga, ana pembe moja kichwani kama kifaru, mwili mweusi wa kahawia unaong’aa, mnene. Na maisha yake ni kinyume cha susa. Buu wa chonga hakai kwenye mnazi mzima. Anakaa kwenye magogo yanayooza, kwenye samadi, kwenye lundo la taka, anakula uozo. Mzima ndiye mwenye balaa: hupanda usiku, hutoboa kilele cha mnazi, hunywa utomvu, na kuti likija kufunguka linatoka limekatwa kama kwa mkasi.

Kwa hiyo dawa ya chonga huanzia chini, kwenye usafi wa shamba: ondoa magogo, usiache mnazi ulioanguka uoze pale pale. Wakulima pia huchomoa chonga mzima kwenye tundu lake kwa waya wenye ncha ya ndoana. Ukimfanyia susa hivyo utachomoa mmoja na kuacha ukoo mzima ndani.

Jamaa wa chonga wapo Oman pia, kwenye mitende, ndiyo maana nasema hesabu miguu. Ukipata buu mweupe ndani ya mtende, mtoe umweke kwenye kiganja. Akijikunja kama herufi C na ana miguu sita mifupi karibu na kichwa, huyo ni wa ukoo wa chonga. Kama hana mguu hata mmoja na mwili umevimba katikati, ni susa. Yupo na wa tatu, mbawakawa mwenye vipapasio virefu kupita kiasi, buu wake ni mrefu mwembamba na naye hutoboa shina. Huyo mara nyingi hupenda mitende mizee na iliyodhoofika, wakati susa anapenda mitende michanga, ile ya chini ya miaka ishirini, yaani ile ambayo ndiyo kwanza imeanza kukulipa.

Afrika nako kuna ndugu wa damu wa susa, jenasi moja, spishi nyingine: Rhynchophorus phoenicis. Kule Kongo mabuu wake huuzwa sokoni na huliwa, mafuta matupu, na wenyewe watakwambia hakuna kitoweo kama hicho. Nilimwambia mjomba habari hii akakataa chakula cha jioni.

Mdudu aliyepanda lori

Asili ya susa nyekundu ni Kusini na Kusini-Mashariki mwa Asia, na huko alijulikana zamani kama adui wa minazi. Kwenye Ghuba alionekana katikati ya miaka ya 1980. Oman alipatikana mwaka 1993, upande wa Buraimi. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1990 akafika Misri na Hispania, halafu akaenea nchi za Mediterania. Mwezi Machi 2017 nchi zenye mitende zilikutana Roma, makao ya FAO, kwa ajili ya mdudu huyu mmoja.

Nimesema anaruka vizuri, lakini hakuvuka bahari kwa mabawa. Alipelekwa. Alipelekwa ndani ya mitende ya mapambo iliyosafirishwa kwenda mahotelini na barabarani, na ndani ya machipukizi ambayo mtu humpa ndugu yake kwa nia njema. Chipukizi lina kila anachotaka: shina laini, na jeraha jipya pale lilipong’olewa kwa mama. Mayai yamefichwa ndani ya tundu, kwa nje huyaoni. Buu mdogo akishaingia ndani, tundu lake linaziba. Unaweza kulifunga kwa gunia, ukalimwagia maji, likafika limesimama wima na majani ya kijani, na ndani limebeba watu.

Sasa fikiria linapandwa Pemba. Mitende kule ni michache, lakini minazi iko kila mahali, na mnazi kwake ni chakula cha asili. Chonga anatoboa kilele, susa anakuta mlango uko wazi.

Ndiyo maana mimea haisafirishwi kama nguo. Kenya ukitaka kuingiza mche unahitaji kibali cha KEPHIS, Tanzania Bara ni mamlaka ya afya ya mimea TPHPA, na Zanzibar ina idara yake ya kilimo, juu ya cheti cha afya ya mimea cha huku unakotoka. Watu wengi huona hayo ni usumbufu, wanapitisha tu ndani ya kontena katikati ya makochi na friji. Mwenye hamu ya kweli ya mtende wa Oman apate mche uliooteshwa maabara kwa chembe za mmea, wenye karatasi zake. Huo haujawahi kukaa shambani ukatagiwa.

Kwa aliye na mitende nyumbani, hata miwili ya uani, machache yanafaa. Kata makuti majira ya baridi, mdudu anapokuwa mzito, na majeraha uyafunike. Maji yasituame kwenye shina. Kagua mitende michanga, hasa mita moja ya chini ambako machipukizi hutokea, maana mtende wa tende mara nyingi hushambuliwa hapo. Ukiona dalili usianze na dukani. Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Rasilimali za Maji ina wataalamu wake mikoani, na mtende ukiwahiwa huweza kutibiwa kwa dawa inayodungwa ndani ya shina. Na tafadhali, wale wanaouza vidonge vya gesi vya kutia kwenye tundu, kaa nao mbali. Gesi ile huua watu, hasa watoto waliolala chumba cha jirani.

Mitego nayo ipo. Ni ndoo yenye matundu, ndani kuna maji, tende zinazochacha, na kibonge chenye harufu ambayo madume hutoa kuwaita wenzao. Wanasayansi waliitambua harufu hiyo mwaka 1993 na sasa hutengenezwa viwandani. Ila mtego unataka mtu wa kuutunza. Ukiusahau ukakauka, harufu inabaki inaita na hakuna kinachowazuia wageni wasiende kwenye mitende yako.

Machipukizi ya mjomba

Mtaalamu alikuja siku ya Jumapili. Kijana, mpole, ana koleo na shoka. Alikata mtende ulioanguka vipande, vikachukuliwa kusagwa, asiachwe buu ndani. Akazunguka shamba zima akigonga mashina, akatia alama ya rangi mitende mitatu ya kudungwa dawa. Halafu akauliza kama kuna machipukizi yaliyotoka shamba hili.

Mjomba alinyamaza. Nadhani alikuwa anapiga hesabu: nafasi kwenye kontena imeshalipiwa, ndugu wa Unguja wameshachimba mashimo, wamepiga simu mara ngapi. Bibi ndiye aliyejibu. “Yapo matano nyuma ya stoo, mwanangu. Kayapasue.”

Yakapasuliwa mbele yetu. Mawili ya kwanza safi, meupe kama kilele cha mnazi. Mjomba akaanza kupata pumzi. La tatu lilikuwa na njia ya kahawia, nyembamba kama penseli, na mwisho wa njia kulikuwa na buu mmoja hajafika hata sentimita mbili, hana miguu. La nne safi. La tano walikuwamo wawili.

Nafasi ile ya kontena ilijazwa madebe ya tende za fardh. Mjomba aliwapigia simu ndugu zake mwenyewe, akazungumza nao muda mrefu, na nilimsikia akieleza habari ya mkonga kana kwamba ameijua miaka yote.

Mdudu wa kwanza, yule wa kikombe, yuko kwenye friza yetu Maskati, ndani ya chupa ya jemu, pembeni ya mfuko wa mchele. Mchele nao tunauweka huko siku chache kila tukinunua gunia, ili mayai ya fukusi yafe. Mwanangu amebandika karatasi: Rhynchophorus ferrugineus, na chini yake, kwa Kiswahili, “fukusi wa bibi”. Siku hizi kila tukienda Samail yeye ndiye anayefungua ndoo ya mtego na kuhesabu kwa kioo cha kukuzia. Ijumaa iliyopita walikuwamo saba. Wawili tu walikuwa na masharubu.